Yah: Ada ya Kadi Inayokula Nyongeza ya Wateja Wangu

Duka la Jakoten la Seike,
Mtaa wa Maduka wa Shiomi,
Uwajima.
28 Oktoba

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Maduka Wanachama,
Kampuni ya Kadi (jina kamili liko juu ya bahasha, humu ndani nimelistahi).

Mheshimiwa,

Katika majira haya ambapo upepo wa mlimani umeanza kuyajaribu mabati ya paa la mtaa wetu, natumaini Idara yako yote ina afya njema na hakuna aliyeshikwa na mafua. Somo la hapo juu lahusika.

Mimi ni Seike Morihiko, mkaangaji na muuzaji wa jakoten, yaani samaki wadogo wanaosagwa pamoja na miiba yao, wakafinyangwa vipande bapa na kutiwa kwenye mafuta ya moto. Sikusomea uandishi wa barua rasmi, nimejifundisha mwenyewe. Kwa hiyo palipo na kosa la adabu, kosa ni langu, na palipo na ukweli, ukweli ni wa wote.

Mashine yenu ya kadi iliingia dukani kwangu majira ya kuchipua yaliyopita, ikiwa mikononi mwa afisa wenu wa mauzo, Bwana Utsunomiya. Aliinama vizuri sana. Alikula vipande vinne, akasifu kila kimoja kwa maneno tofauti, kisha akasema, “Mzee Seike, vijana wa leo hawatembei na sarafu. Weka hii hapa uone watakavyomiminika.” Kwa ajili ya kumbukumbu zenu, napenda kuripoti kwamba kijana aliyemiminika ni mmoja, naye alikuwa amepotea akitafuta kituo cha treni. Waliobaki, wanaogusisha kadi zao kwenye mashine kila siku, ni wale wale wazee walionunua kwangu kwa sarafu tangu enzi za mama mkwe. Wamefundishwa na wajukuu. Yaani mmeniletea wateja wangu mwenyewe, na mnanitoza kwa kuniletea.

Hata hivyo sikununa. Kilichonifanya nishike kalamu ni nyongeza. Tangu zamani, anayenunua vipande vitano dukani kwetu hupewa kimoja kidogo juu yake, kilichofinyangwa kwa masalio ya samaki. Mama mkwe alikitoa wakati wa njaa, akakitoa mwaka wa mafuriko, akakitoa siku aliyomzika mumewe. Sasa mke wangu, Sonoe, amepiga hesabu na kutamka kwamba kuanzia tarehe mosi Novemba, anayelipa kwa kadi hatapewa nyongeza. Sijui nitamtazamaje mtu usoni. Kwa sababu hiyo nawasilisha malalamiko yafuatayo, nikiomba yasomwe kwa mfuatano, maana kila moja linamshika mkono mwenzake.

1. Kuhusu ada yenyewe. Katika kila yeni mia zinazoingia, baada ya samaki, mafuta, gesi na mchango wa paa, mimi hubakiwa na nane. Nyongeza hutoka ndani ya hizo nane. Ninyi mnachukua tatu na robo. Kinachosalia kinaweza kulisha nyongeza au kinaweza kunilisha mimi, lakini tukiketi wote wawili mezani hakitoshi. Ninakiri kwamba mimi ni mnene kuliko nyongeza. Hata hivyo sioni kwamba suala hili liamuliwe kwa uzito.

2. Kuhusu zamu. Katika mtaa wetu, yeyote anayekula sehemu ya mauzo hubeba sehemu ya mzigo. Muuza mafuta ananiuzia mafuta, na siku ya sikukuu anabeba nguzo ya mbele ya madhabahu ya mtaa inayotembezwa mabegani, bega likimvimba. Mtu wa gesi anatundika taa za karatasi. Mwenye duka la miavuli, Bwana Mizobuchi, ambaye ni mwenyekiti wetu, hanidai chochote wala simdai, na bado anafagia mbele ya mlango wangu nikiwa na homa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna mashamba, tuna ufagio. Ninyi mmekaa kwangu miezi saba.

Nilipoliwasilisha jambo hili kwenye kikao cha mtaa, nilitegemea mjadala. Bwana Mizobuchi hakuinua hata kichwa. “Mwandike Alhamisi,” alisema. “Alhamisi hatuna mtu.” Mwenye duka la viatu akauliza, “Na asipokuja?” “Asipokuja ni faini kama mtu mwingine yeyote. Chai na vitafunwa kwa mtaa mzima. Kwani kampuni haina mikono?”

Kwa hiyo, Mheshimiwa, jina la kampuni yako limo kwenye ubao wa zamu, chini ya langu, kwa mwandiko wa heshima. Nasikitika kukuarifu kwamba Alhamisi zilizopita hamkuonekana. Mtaa haujakasirika. Mtaa una kiu tu.

3. Kuhusu goti la Bibi Hyodo. Bibi Hyodo ana miaka themanini na kitu na ndiye mteja wangu wa kwanza kila asubuhi. Enzi za sarafu, alimwaga kijipochi chake juu ya sahani ya malipo, akatafuta sarafu moja moja, na katika kutafuta huko akanisimulia habari za goti lake la kushoto. Sarafu zilipokwisha, na habari za goti zilikwisha. Ulikuwa utaratibu mzuri. Kila mmoja wetu alijua mwisho uko wapi. Sasa anagusisha kadi, mashine inalia “pii,” malipo yamekamilika, na goti bado halijaanza. Analianza hapo hapo. Halina tena cha kulikomesha. Foleni inafika kwa muuza viatu, mafuta yanatoa moshi, nami siwezi kumkatiza mtu aliyenijua nikiwa bwana harusi.

Kwa kuwa mashine yenu ndiyo iliyoondoa mwisho wa mazungumzo, ni haki mtoe mtu wa kuyasikiliza. Nimempa Bibi Hyodo namba yenu ya huduma kwa wateja. Amefurahi mno. Ameniuliza, “Hao watu wana subira?” Nikamwambia wanapiga muziki mtu akisubiri. “Basi wana adabu,” alisema. “Nitawaanzia tangu nilipoanguka.”

4. Kuhusu fedha zinazochelewa. Mauzo ya kadi ya leo ninyi huyaleta baada ya nusu mwezi. Samaki hawana nusu mwezi. Nahodha anayeniuzia samaki gatini anataka fedha mkononi kabla boti haijafungwa kamba, na wiki jana nilimweleza, kwa lugha niliyoiandaa tangu usiku, kwamba fedha zake ziko njiani. Akanitazama. “Zinakuja kwa miguu?” akaniuliza. Mabaharia wake wawili wakacheka mpaka mmoja akaangusha kreti. Napendekeza, bila nia mbaya, kwamba maofisa wenu wa malipo wapokee mishahara yao kwa samaki, nao samaki hao wawekwe kando nusu mwezi kabla ya kuwafikia.

5. Kuhusu kuingia katika ukoo. Hili ndilo kubwa, na nililiacha nyuma kwa heshima. Mheshimiwa, tatu na robo katika nane si ada ya mpita njia. Ni fungu la mtoto wa nyumbani. Nalijua fungu hilo kwa sababu nilililipia. Sikuzaliwa Seike. Nilizaliwa mtoto wa nne wa mkulima, nikaletwa hapa kama mkwe wa kuasiliwa, nikavua jina la baba yangu mlangoni pamoja na viatu. Mama mkwe hakuniruhusu kugusa kikaango kwa miaka mitatu. Nilikata vichwa vya samaki. Nilioga mara mbili kwa siku na bado paka walinifuata mpaka kwenye bafu la umma. Mwaka wa nne alinipa kijiti cha kugeuzia na kusema, “Usijisikie. Mafuta ndiyo yanayokaanga, wewe unasimama tu.” Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Basi kama kampuni yenu inataka fungu la mtoto, na iingie kama nilivyoingia mimi: ivue jina lake, ichukue la Seike, iamke kabla ya jogoo, na ianze na vichwa. Nina binti mmoja, Wakana, anayefanya kazi Matsuyama, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata taratibu, nilimpigia simu kumwomba ridhaa. Akasema, “Baba, umeshindwa kunipatia mtu, sasa unaniozesha mashine ya kadi?” Nilimweleza kwamba ni kampuni yenye matawi nchi nzima. “Ina mama mkwe?” aliuliza. Nikasema sidhani. “Ngoja nifikirie,” akasema. Naichukua kauli hiyo kuwa si kukataa.

Kwa muhtasari, ombi langu ni jepesi. Ama mpunguze ada ili nyongeza iishi, ama mje: mfagie Alhamisi, msikilize goti, mle samaki wa nusu mwezi, na mwishowe mwoe. Sitaki upendeleo. Mimi mwenyewe nilifanya yote hayo isipokuwa samaki wa nusu mwezi, na hilo ni kwa sababu mama mkwe aliwatupa.

Naomba unifikishie salamu kwa makamu wako, kwa wahasibu wote, kwa dada anayepokea simu na kwa yeyote aliyeuchagua ule muziki. Msalimieni pia Bwana Utsunomiya na mumwambie kipande cha tano kinamngoja. Familia yangu, mwenyekiti wa mtaa na nahodha wanakusalimu, ingawa nahodha kasema nisiandike jinsi alivyosema.

Ninayesimama mbele ya mafuta ya moto, kwa unyenyekevu wote,

Seike Morihiko
(muhuri)

Tanbihi, 6 Novemba.

Mheshimiwa, barua hii ilichelewa kutumwa kwa kuwa Sonoe aliniomba nisubiri tarehe mosi ipite. Imepita, nami sina budi kuongeza maneno machache.

Asubuhi ile nilibandika tangazo, nililoliandika mara tisa, la kuomba radhi kwamba wanaolipa kwa kadi hawatapata nyongeza. Nilijificha nyuma ya kikaango. Bibi Hyodo akaja wa kwanza, akalisoma hadi chini, akavua miwani, akalisoma tena. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, “Afadhali!”

Nilidhani nimesikia vibaya. “Mwanangu,” akasema, “kile kipande chako kimenitesa miaka yote. Ukishanipa bure, mimi nitakaaje bila kurudisha? Nikikila leo, kesho lazima nilete machenza. Na mchenza wangu ulikatwa zamani, usifikiri! Nanunua dukani. Kilo nzima ya machenza kwa kitu cha ukubwa wa kidole gumba! Wewe ulidhani kwa nini nilihamia kwenye kadi? Nilisema labda mashine haitoi zawadi. Kumbe na wewe ukaendelea kutoa!”

Nyuma yake mke wa muuza viatu akadakia, “Na sisi taulo! Kila mwezi taulo!” Bwana Mizobuchi, ambaye hununua vipande vitano kila Jumamosi, akaangalia dari na kusema kwamba miavuli mitatu tuliyopewa mwaka huu haikuwa ya kuuzwa kwa bei rahisi.

Jioni Sonoe alifungua stoo na kunionyesha. Machenza makreti kwa makreti, taulo, sabuni, chumvi ya kuogea, maboga mawili, vyote vya kurudishia nyongeza. Tulikuwa tukiviona kila siku na kuviita upendo. Alikaa juu ya kreti akapiga hesabu, kisha akanisomea jibu bila kuinua macho: ninyi mnachukua tatu na robo katika mia, mimi, kwa kipande kile kidogo, nilikuwa nikiwatoza majirani zangu zaidi ya mia katika mia.

Tangu siku hiyo wateja wameongezeka, wanaondoka wamenyoosha migongo, na kilichokuwa kikienda kwenye nyongeza ndicho sasa kinacholipa ada yenu, na chenji inabaki. Kwa hiyo lalamiko la kwanza nalifuta. Na kwa kuwa mengine yote yalikuwa yamelishika mkono, nayo nadhani yamekwenda nalo.

Kwa kuwasumbua na barua ndefu, nimeambatanisha sanduku la jakoten za asubuhi hii, vipande ishirini, ambazo naomba mle zikiwa bado na harufu ya mafuta. Si hongo wala si nyongeza. Ni aibu yangu tu, iliyokaangwa.

Tafadhali sana, Mheshimiwa, msirudishe chochote.