Filimbi Shingoni mwa Fermina

Alhamisi, 22 Januari

Imetangazwa! Don Hilarión amestaafu. Magoti yamemkataa. Miaka thelathini amebeba filimbi ya chama chetu cha ngoma ya morenada, Wasioshika Kutu, akitembea mbele peke yake. Akipuliza, safu zote zinageuka. Sasa filimbi haina shingo. Shingo ninayo mimi.

Miaka ishirini na miwili nacheza safu ya mwisho. Ya mwisho kabisa! Nyuma ya mgongo wangu wanaanza wanawake. Sasa basi.

Tatizo: nusu ya wanachama wako Buenos Aires, São Paulo na Valencia, wanashona nguo na kutunza wazee wa watu. Kwa hiyo kura itapigwa tarehe 31 ndani ya simu, kwenye mchezo unaoitwa Uwanja. Kila mtu anaingia humo akiwa kikaragosi alichojitengenezea, avata kama vijana wanavyoita. Huna kikaragosi, huna kura.

Nimekaa saa nne kujitengeneza. Mimi fundi kufuli, hakuna kabati La Paz nzima lililonishinda, lakini hiki kitu kinauliza maswali ya ajabu. Kidevu cha aina gani? Videvu arobaini! Nimemwuliza mke wangu Leocadia nina kidevu gani. Akasema cha kawaida. Cha kawaida hakipo. Nywele nimejiongeza kidogo. Kidogo tu, mpaka mabegani.

Nimeingia Uwanjani. Nimemsalimu mtu kwa heshima dakika kumi. Ulikuwa mlango. Halafu nikagundua nimevaa chupi ya kuogelea. Sijui nilibonyeza wapi.

Na nani alikuwepo? Zenón Calisaya, muuza magodoro, compadre wangu. Binti yake nilimsimamia ubatizo mimi. Naye anaitaka filimbi. Kikaragosi chake kina kifua kama kabati na kiuno cha nyigu. Zenón! Ambaye mkanda wake nilimtobolea tundu jipya mwezi uliopita, kwa misumari yangu mwenyewe! Nikamwuliza hicho kiuno amekiazima wapi. Akanijibu mbele ya watu wa nchi tatu: "Compadre, katafute suruali kwanza, tutaongea baadaye."

Ijumaa, 23 Januari

Nimepata wazo.

Kesho ni Alasitas, sikukuu ya vitu vidogo. Saa sita mchana unanunua kitu kidogo, yatiri, yaani mganga wetu, anakifukizia, na ndani ya mwaka unapata kikubwa chake. Leocadia alinunua kibanda cha karatasi, na mwaka uleule tukapata kibanda cha kuuzia api, uji wetu wa mahindi, na vitumbua. Sasa, kikaragosi ni nini? Ni mimi, mdogo! Kikivaa filimbi kesho saa sita, mimi mkubwa nitavaa filimbi ya kweli. Zenón hana akili ya kufika huku. Zenón ana magodoro.

Uwanjani filimbi za dhahabu zipo, dukani karibu na chemchemi. Lakini marehemu mama alisema: ukijinunulia mwenyewe, bahati ni nusu. Ukipewa na mtu, ni nzima. Nikamwomba Leocadia anipe zawadi kwa kikaragosi. Akasema ana mahindi ya kusaga, na kikaragosi hana.

Basi nimeunda mtoaji. Simu ya zamani ya Leocadia ilikuwa kabatini. Jina: Doña Fermina Choquetarqui, mjane, Valencia, analea bibi wa Kihispania. Sikuchagua kidevu wala nini. Nimebonyeza kile kitufe cha "chochote tu", mara moja.

Ajabu! Ametoka mtu mzima kamili. Kofia imekaa sawasawa, nywele misuko miwili, shali, macho ya mtu aliyewahi kulia na kumaliza. Mimi niliyehangaika saa nne nimetoka kama kiazi kilichomenywa. Sielewi.

Jumamosi, 24 Januari

Sijui hata nianzie wapi.

Nilifika kwa yatiri saa tano unusu, simu mbili mkononi. Wenzangu kwenye foleni wana vigari, vigunia vya sukari, vyeti vidogo vya udaktari. Yatiri akauliza mimi nina nini. Nikamwonyesha, nikasema huyu ni mimi. Akatazama simu, akanitazama, akasema: "Huyu ana nywele." Nikamwambia afukize tu.

Mpango ulikuwa rahisi. Filimbi nimemnunulia Fermina, simu ya kushoto. Kengele za kanisa zikigonga saa sita, nabonyeza "toa", filimbi inaruka kwenda simu ya kulia, moshi unaikuta shingoni mwangu.

Kengele zikagonga. Nikabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kinazunguka! La Paz nzima ilikuwa inapiga picha saa hiyo, mtandao umejaa pomoni. Yatiri anamwaga maua, anamwaga divai, anapuliza moshi, mimi napiga kelele asubiri kidogo, subiri mzee wangu, haijafika! Hakusubiri. Jua halimsubiri mtu, akasema.

Filimbi ilinifikia saa sita na dakika saba.

Nikamwuliza yatiri kama dakika saba zinahesabika. Akasema amembariki aliyekuwa nayo, na baraka hairudi nyuma kwa sababu ya mtandao. Nikamwambia aliyekuwa nayo hayupo duniani. Akavua kofia, akanipa pole.

Divai imeingia kwenye spika. Simu yangu sasa inaongea kama mtu mwenye mafua.

Jumapili, 25 Januari

Nimetulia. Mambo ya moshi niyaache, nifanye siasa. Fermina yupo, basi anipigie debe.

Nimejifungia chooni na simu ya zamani. Fermina ameingia Uwanjani, akaenda katikati ya watu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kumsifu Eleuterio Chuquimia, yaani mimi. Lakini naandika kwa kidole kimoja. Kila nikimaliza maneno mawili, wengine wameshasema ishirini. Hivyo Fermina alikuwa kimya, kimya, halafu neno. Kimya, halafu neno. Wakaanza kusogea. Wakasema huyu mama ana busara, hasemi ovyo.

Binti mmoja wa Buenos Aires akasema mama yake amefariki, naye hakupata likizo ya kwenda kuzika. Wote wakaanza kumletea mifano na ushauri. Fermina akaandika: "Pole, mwanangu. Kaa hapa nami." Basi. Nilikuwa nataka kuongeza kuhusu filimbi, lakini sikuona pa kuiingiza. Tukakaa naye kwenye benchi la chemchemi robo saa nzima, mguu wangu umekufa ganzi chooni.

Jambo la kushangaza ni kwamba nilimwonea huruma kweli. Mimi binafsi nimekaa na watu hawa miaka ishirini na miwili na sikumbuki kumpa mtu pole bila kuangalia saa.

Zenón amemwinamia Fermina mpaka kofia ikagusa sakafu. Hajui mjane huyu ni mimi, mshindani wake wa filimbi! Nimecheka peke yangu. Leocadia akauliza kupitia mlangoni kama ni tumbo.

Jumanne, 27 Januari

Balaa limeingia nyumbani.

Leocadia amejitengenezea kikaragosi. Dakika tano! Amefanana naye mpaka kile kidoa cha shavuni. Alikuwa jikoni, mimi chooni, ukuta mmoja katikati. Kumbe amekuja Uwanjani kumtafuta Doña Fermina, amesikia sifa zake kwa wateja wa api.

Wakakaa benchini. Yaani tukakaa. Sijui niseme vipi.

Akasema: "Dada, nina jambo, nisaidie. Mume wangu anataka filimbi." Fermina akaandika: "Anastahili." Leocadia akasema anastahili, ndiyo, ila kuna kitu hakijui. Yeye Leocadia anacheza safu ya kwanza ya wanawake. Mume wake safu ya mwisho ya wanaume. Kwa hiyo miaka yote hiyo, sikukuu yote, kilomita zote, anacheza akiutazama mgongo wa Eleuterio wake. Anajua bega lipi linamuuma kwenye kona ipi. Akaniambia — akamwambia Fermina — kwamba mwaka wa tatu, Don Hilarión alitaka kunisogeza mbele, naye akaenda kumwomba aniache palepale. Alimpelekea kuku mzima.

Kuku mzima!

Akasema nikipewa filimbi nitakuwa kule mbele, mitaa miwili mbali, na yeye atakuwa anautazama mgongo wa mtu wa bima atakayeshika nafasi yangu. Ndipo akauliza: "Nifanyeje, dada? Nimpigie kura au nisimpigie?"

Nilitaka kutoka, ni hatua sita tu mpaka jikoni. Halafu damu ikapanda. Miaka ishirini nakula vumbi la wenzangu kwa sababu ya kuku! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinanipikia. Kisha nikataka tena kutoka. Kisha nikakasirika tena. Mwishowe Fermina akaandika: "Sijui, dada." Ndilo neno la kweli pekee nililoandika wiki hii.

Leocadia akamshukuru, eti kaelewa. Kaelewa nini? Mimi mwenyewe sijaelewa.

Alhamisi, 29 Januari

Zenón amempendekeza Fermina kugombea filimbi. Amejitoa mwenyewe, akasema mbele ya mama kama huyu yeye ni godoro tu. Wamepiga makofi nchi tatu.

Nimeingia haraka. Fermina akaandika: "Siwezi." Wakasema unyenyekevu ulioje. Akaandika: "Sitaki." Wakasema kiongozi wa kweli haombi. Nikaona dawa ni moja, awachukize. Akaandika kwamba bendi yetu inapiga kama sufuria zinazoanguka ngazini na mpiga tarumbeta mkuu anakuja amelewa.

Nikajua nimeshinda. Halafu wakalipuka! Wakasema miaka kumi wanasubiri mtu wa kulisema hilo. Mpiga tarumbeta mwenyewe, yuko São Paulo, akaomba msamaha na kulia.

Kikaragosi changu nacho kilikuwepo pembeni, filimbi ya dhahabu shingoni, uso ukutani. Nilikisahau. Watu wakamwuliza Fermina yule mwenye nywele ni nani.

Jumamosi, 31 Januari

Matokeo. Doña Fermina Choquetarqui, kura 77. Eleuterio Chuquimia, kura 3.

Tatu. Moja yangu. Moja ya Fermina, nilimlazimisha. Ya tatu ya nani?

Leocadia aliniuliza nimepata ngapi. Nikamwambia. Akauliza nadhani hiyo ya tatu ni ya nani. Nikasema ni mtu aliyekosea kubonyeza, au ni Zenón ananidhihaki. Akanitazama sana. Akaniletea api bila kitumbua. Nikamwambia amesahau kitumbua. Akasema hajasahau.

Fermina anatakiwa aje La Paz kwa mazoezi ya kwanza. Wanamchangia tiketi ya ndege. Zenón ameahidi godoro.

Jumapili, 1 Februari

Asubuhi nimefungua simu ya zamani ili nimuue Fermina kwa homa ya mapafu. Nimekuta ujumbe wa Leocadia kwake.

"Dada, nilimpigia kura. Nikasema basi, aende mbele, kama ndiko roho yake iliko. Mgongo wake naujua kwa moyo. Na hakuuliza hata kama ni mimi."

Nimekaa juu ya kifuniko cha choo. Nimeusoma mara nne. Leocadia alikuwa upande wa pili wa ukuta akikanda unga, nasikia ngumi zake. Nikasimama. Nikashika kitasa cha mlango. Nilikuwa naenda kumwambia asante, na kwamba naomba mgongo wangu ubaki safu ya mwisho, na kuhusu kuku yameisha.

Lakini ngoja. Nikimwambia asante, atauliza nimejuaje. Atajua Fermina ni nani. Na Fermina hawezi kumwambia kwa niaba yangu, maana Fermina hanijui vizuri, anajua tu kwamba nastahili. Hapa anahitajika mtu wa tatu. Mtu mwenye heshima, anayekaa La Paz hapa hapa, ambaye amenisikia kwa masikio yake nikimsifu mke wangu barabarani. Akiwa pia kaka mkubwa wa Fermina, anaweza kumkataza kusafiri, akaipokea filimbi, na akamkabidhi anayestahili. Ndege wawili kwa jiwe moja!

Don Melitón Choquetarqui. Safari hii sibonyezi ovyo. Kidevu namba kumi na saba.

Leocadia amegonga mlango, anauliza kama nimefia humu ndani, ana jambo anataka tuongee. Nimemwambia anipe dakika kidogo, namalizia. Yamebaki masharubu.