Jina Halina Sahihi

Jumatatu asubuhi, Mkurugenzi Hugues aliwatangazia kwa waraka watumishi wa ofisi ya usajili wa raia, Kisangani, kwamba enzi ya fujo imekwisha. Hakuna jina la tovuti litakalogeuzwa namba katika mtandao wa ofisi bila barua ya maombi, nakala tatu na sahihi yake.

Chanzo kilikuwa Ramla, fundi wa mtandao, aliyemweleza kwa nia njema.

"Papa Directeur, ordinateur, hizi mashini, hazijue majina, zinajua namba tu. Mutu akiandika jina, serveur yetu inamujibia namba."

"Donc kuko kitu humu kinajibia watu bila mimi kujua?"

"Mara elfu kwa siku, papa."

Ramla akaamriwa kufunga majina yote. Kufikia Alhamisi maombi yalifika kimo cha goti. Yalisubiri Tume ya Kudumu ya Kuhakiki Majina, aliyoiunda mkurugenzi, nayo Tume ilisubiri viti.

Siku hiyo Mama Chantal, aliyetoka Yanonge kwa mtumbwi, alirudi dirishani mara ya tatu kutafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Kesho uandikishaji wa mtihani wa taifa ungefungwa.

"Jina halijasainiwa, mama," alisema Fadhili, karani.

"Jina ya mutoto wangu?"

"Hapana. Ya mashini."

Mama Chantal akakaa sakafuni. Aibu ilimpanda Ramla, aliyekuwa nyuma ya karani, hadi masikioni. Akaandika namba ya mashine inayotunza daftari la vizazi kwenye karatasi, akampa Fadhili.

"Circulaire ya papa inakataza majina. Juu ya namba haisemi kitu."

Cheti kikatoka kwa dakika kumi. Kufikia jioni kila meza ilikuwa na karatasi yake ya namba, isipokuwa ya mkurugenzi.

Ijumaa, Kinshasa iliita wakurugenzi wote kwenye mkutano wa video. Kioo cha kompyuta ya Hugues kikabaki cheupe. Akamwita Ramla.

"Jina ya mkutano haina sahihi, papa. Maombi yake iko chini ya kiwiko chako."

Mkutano ukaisha kabla hajapata kalamu, kisha simu ikalia. Alikuwa Katibu Mkuu wa wizara, kutoka Kinshasa.

"Hugues, ulikuwa wapi?"

"Nilizuiliwa, Excellence. Jina halikuidhinishwa."

"Na nani?"

Hugues aliinua kiwiko, akaitazama barua ya maombi.

"Na mimi."

"Bon. Orodha mpya ya wakurugenzi imepita mkutanoni kwa majina ya waliohudhuria, wewe humo. Ukitaka kurudishwa, leta maombi yaliyosainiwa na mkurugenzi wa ofisi yako."

Simu ikakatika. Hugues akavuta karatasi, akaandika mstari mmoja wa maombi, akasita.

"Ramla, mkurugenzi wa hapa ni nani sasa?"

Ramla alimhurumia, si sana.

"Kwa sasa hakuna, papa."