Saa ya Marehemu Imenyamaza

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka themanini na tatu. Mafundi saa wote wa mtaa huu nimewazika, kasoro Kipara wa duka la mbele, na yeye ni fundi kwa jina tu. Mke wangu nimemzika pia. Kaniachia saa yake ya ukutani. Leo imenyamaza! Miaka arobaini na sita ya tik-tak, naisikia tangu getini. Nikapanda stuli niishushe. Sakafu ikainama. Nikajikuta kwenye kochi, saa kifuani. Salama sote wawili. Binti yangu ndipo akaingia. Akasema, Baba, ukianguka tena unahamia kwangu, na nyumba hii tunaifunga. Nikamwambia sikuanguka, nilikaa haraka.

Jumanne, 4 Machi
Kosa ni la stuli. Nimepunguza mguu mmoja. Ikayumba. Nikapunguza wa pili. Ikayumba zaidi. Kufika adhuhuri nina kigoda. Nikaweka pima maji sakafuni, nione kama imelala sawa: kiputo cha hewa katikati kabisa. Basi pima maji nayo imeharibika.
Saa nimeifungua, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikailainisha. Kimya!

Jumatano, 5 Machi
Kipara kaja kuchungulia. Eti, Mzee, mbona saa inakwenda vizuri tu! Nikamjibu nilikuwa naitambua saa mbovu kwa sikio, yeye bado ananyonya. Akacheka mpaka akashika mbavu. Wivu huo. Nimeifungua tena.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Nesi kanivika vidude masikioni, niinue mkono nikisikia mlio. Mlio gani! Nikatazama kiwiko chake cha kubonyezea mashine. Kikisogea, mkono juu. Nilikuwa nafaulu vizuri sana, mpaka alipojikuna pua. Mara nne.
Daktari akasema ndani ya sikio mna vinyweleo vya kunasa sauti, vikifa havioti tena. Mna na maji yanayomwambia mtu kama kasimama wima, mfano wa pima maji. Uzee unachakaza vyote. Nikamwambia hata ya kwangu ya nyumbani ni mbovu. Binti hakucheka. Akasema ama nivae kifaa cha kusikia, ama nihame.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekivaa. Tik-tak!
Nikakaa kwenye kigoda, sikuinuka asubuhi nzima. Nilimsikia marehemu mama watoto akikoroga chai, kijiko kikienda sawa na saa, huku akinisema: fundi mzima, meza imejaa saa za watu, na kila siku unachelewa kunywa chai. Macho yakatoa maji. Mafuta ya taa hayo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimegundua! Nikivua kifaa, saa inasimama. Nikivaa, inakwenda. Nimejaribu mara saba. Kumbe kifaa ni cha saa! Daktari mwenyewe hajui alichonipa. Nimekifunga kwa uzi nyuma ya saa, nikaweka kigoda juu ya meza, nikapanda kuitundika. Sakafu iliinama kidogo tu.
Asiyeamini amuulize Kipara, alinishika miguu. Nilimuuliza, inakwenda? Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Shahidi mwingine ni binti yangu. Alisimama mlangoni muda mrefu, midomo ikifunguka na kufumba bila kutoa sauti, sanduku langu la nguo mkononi. Bila shaka alikuwa ananipongeza.