Paka Ndani, Polepole

Jumatatu, 6 Mei

Nimempata! Nimempata, nimempata! Saa nne asubuhi nilitia sahihi, saa tano nilikuwa chumbani kwangu na kikapu mapajani. Ndani yake paka wa miezi saba, wa kijivu, masikio makubwa kuliko kichwa. Nimemwita Kamanda. Ni jike, lakini cheo hakichagui.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliona yote kupitia kioo chake. Alimsahau mteja na povu shavuni! Naye alimwomba paka huyuhuyu kwenye kikundi cha kuokoa paka, ila mimi nilimwahi kwa siku moja. Yuko wa pili kwenye orodha. Abaki hukohuko.

Kuna sharti. Mwenyekiti wa kikundi, mkunga mstaafu mwenye macho yasiyopepesa, amesema Kamanda aliokotwa mtaroni na anaogopa watu. Jumamosi atakuja kukagua. Akimkuta bado anajificha, ananinyang'anya na kumpa anayefuata. Akaniambia nisimwite, nisimtazame, nisimfuate. Niendelee tu na shughuli zangu. Niliitikia kwa heshima. Lakini yeye anajua watoto. Mimi ni fundi saa. Najua vitu vidogo vyenye mambo mengi ndani.

Nikafungua kikapu. Kamanda akachomoka, moja kwa moja nyuma ya kabati. Anazoea mazingira.

Jumanne, 7 Mei

Bado yuko nyuma ya kabati. Mbinu ya kwanza: mazungumzo. Nililala kifudifudi na tochi, nikamsimulia historia ya ukoo wetu kuanzia kwa babu. Dakika arobaini. Nilipofika kwa shangazi akanipa mgongo. Nikamwimbia. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Dada yangu mkubwa alikuja na blanketi. Akauliza kama niliambiwa nisimtazame au niliambiwa nimmulike kama mwizi. Nikamwomba aniachie mambo yangu. Hana uzoefu wa kulea. Ana watoto watatu tu.

Mchana Kinyozi akaja dukani kwangu, eti saa yake inachelewa. Haichelewi hata kidogo! Akauliza Kamanda anapenda samaki au kuku, ili ajiandae. Ajiandae! Nikamjibu kwamba Kamanda hulala kifuani kwangu. Uongo mtupu, na umenitoka bila hata kumeza mate.

Jumatano, 8 Mei

Mbinu ya pili: niwe paka. Nilijifunika lile blanketi, nikatembea kwa magoti, nikalia nyau kwa unyenyekevu. Nikajipenyeza kati ya kabati na ukuta. Nikakwama. Nusu saa mimi na Kamanda tukitazamana, mmoja wetu akiomba msaada. Dada alinivuta kwa miguu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 9 Mei

Ole wangu! Leo nilikuwa na kazi nyingi dukani, nikamwomba dada aje kumlisha Kamanda. Nikambandikia karatasi mlangoni, herufi kubwa: PAKA NDANI. POLEPOLE. DIRISHA LISIFUNGULIWE. UFUNGUO CHINI YA NDOO.

Nilisahau kwamba mama mwenye nyumba alimwita fundi rangi, leo hiihii, aje kupaka korido. Fundi alifika kabla ya dada, na dada mwenyewe hakutokea. Akasoma. Akatoa ufunguo chini ya ndoo. Akapaka ndani.

Nimerudi nikakuta chumba cha manjano. Kuta zote nne! Fundi kasimama katikati, jasho linamtiririka. Akalalamika kwamba kupaka bila kufungua dirisha ni kutafutana ubaya, ila maandishi ni maandishi, na polepole kapaka kweli, tangu saa tatu.

Nikamuuliza paka yuko wapi.

"Nimeshapaka kote, bosi."

Nikapiga kelele: paka, mnyama! Akatazama chini. Kamanda alikuwa kalala juu ya shati la fundi, ncha ya mkia ni ya manjano, anakoroma kwa raha zake. Fundi akasema, "Kumbe huyu? Nilidhani ni wa jirani. Yupo hapa tangu saa sita. Sijamsemesha, nilikuwa na kazi."

Kamanda akafumbua jicho, akaniona, akarudi nyuma ya kabati. Nimeona wivu! Mtu hata hakujua kama kuna paka!

Ijumaa, 10 Mei

Rangi haijakauka. Shati langu jeupe lina mgongo wa manjano. Kinyozi kaliona.

Lakini akili yangu imeamka! Kesho fundi rangi atakuwemo ndani Mwenyekiti akija. Nimemwambia ukuta mmoja una madoa. Hauna. Kamanda atatoka, Mwenyekiti ataona, basi. Nashindwa kutulia kwa furaha.

Jumamosi, 11 Mei

Fundi akaanza kuupaka ukuta aliokwisha kuupaka. Saa nne Mwenyekiti akaingia, na nyuma yake Kinyozi, eti alikuwa anapita. Na kikapu mkononi!

Kamanda akatoka! Akatupita sote, akajilaza miguuni pa fundi. Nikaruka. Nikasema mnaona, mnaona! Mwenyekiti akaandika kwenye daftari lake, kisha akamuuliza fundi kama anaishi hapa. Yule bwana hajui kudanganya. Akasema hapana mama, yeye kaitwa kuondoa madoa, na madoa yenyewe tangu asubuhi hajayaona.

Mwenyekiti akafunga daftari. Akasema paka katoka, ndiyo, ila hakunijia mimi. Kinyozi akafungua kikapu.

Nikakaa sakafuni, nikawapa wote mgongo, Kinyozi asinione nikilia. Nililia kweli. Siku tano tu, na nilishazoea kusikia kucha zake kwenye mbao kila ninapochemsha chai. Sikumwita. Sikumtazama. Sikutaka kitu chochote.

Kitu kikanigusa kiwiko. Kichwa kidogo. Akanusa mkono wangu, akapanda mapajani, akajikunja.

Nikasikia daftari likifunguliwa tena, na Mwenyekiti akaninong'oneza, "Usitikisike, mwanangu. Utatia sahihi kwa mkono wa kushoto."

Jumapili, 12 Mei

Kamanda ni wangu! Wangu kabisa! Na nimeyapima ya jana kwa makini ya fundi saa, nimeipata siri: ni machozi. Paka wanapenda machozi! Mkunga mzima, miaka yote hiyo, hakuligundua hilo. Nimeshamwandikia barua ya kurasa nne ili kikundi kifaidike.

Asubuhi nimekata vitunguu sita, nikakaa mbele ya kabati, nikamlilia Kamanda kwa sauti huku nikimtazama machoni. Kwanza alikuwa juu ya blanketi. Sasa hayupo. Nimemmulika kila kona kwa tochi; naona ncha ya mkia tu.

Vitunguu vilikuwa vidogo. Kesho natafuta vikubwa.