Yah: Mchicha Usio Mchicha

Ndugu Mhariri wa jarida la Jamvini,

Tafadhali funga mlango kabla hujasoma mstari unaofuata. Barua hii ni siri yako na yangu: usiichape, usimnong'oneze mtu, na ukimaliza kuisoma uichane vipande vidogo. Natambua kwamba kazi yako ni kuchapa barua za watu. Ndiyo maana naomba kwa heshima zote.

Utakumbuka kwamba kabla ya toleo lililopita niliuliza, kwa jina la "Mkulima wa Sharpstown", kwa nini mchicha wangu wa ndani ya nyumba unakuwa kahawia. Kingo za majani hukauka kwanza, kisha ncha hujikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, huku katikati jani likibaki kijani. Swali mlimpa Bi. Flaviana wa mji wa DeSoto, anayeandika safu ya bustani, naye akajibu kwa ukarimu mkubwa. Majibu yake yamenivurugia maisha, kwa sababu mchicha ule si mchicha. Ni bangi.

Naomba uketi nikueleze. Shangazi yangu Melania, aliyenilea, yuko hapa Houston kwa matibabu ya saratani. Dawa za hospitali zilimfanya ashindwe kumeza hata uji. Mwenzangu mmoja kazini, ambaye mama yake aliugua vivyo hivyo, aliniletea miche miwili ndani ya boksi la viatu. Niliipanda kwenye ndoo, nikaificha katika kabati la chumbani kwa Shangazi chini ya taa kali, nikawa namchemshia majani na kumwambia ni mlonge. Haukupita muda akaomba ugali. Baadaye akaomba kichwa cha samaki, na kilipokuja akalalamika kwamba ni kidogo. Miche hii ikifa, atarudi kumung'unya vipande vya barafu.

Nami, Ndugu Mhariri, ni karani katika ofisi ya mawakili. Napanga majalada ya watu waliokamatwa na miche kama hii. Kila jalada lina picha ya mhusika, na sijaona hata mmoja aliyependeza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Majivu. Bi. Flaviana aliandika kuwa mchicha hupenda majivu. Katika fleti yenye jiko la umeme, majivu yatoke wapi? Nilichoma mkaa kwenye sufuria. King'ora kikalia, jengo zima likahamia kwenye maegesho na watoto na televisheni zao, zimamoto wakapanda na mashoka. Nilisimama mbele ya kabati nikasema nilikuwa nachoma samaki. Mmoja wao alinusa kwa muda mrefu kuliko kazi yake ilivyohitaji, akasema samaki wangu ananukia vizuri sana. Tangu hapo nikisikia hatua kwenye ngazi natokwa jasho. Na majani yakazidi kuwa kahawia.

2. Jua. "Mchicha wa kabatini ni mchicha wa jela," aliandika, "utoe nje." Neno jela angeliacha. Chini ya varanda yangu anaishi askari polisi, aliyepunguziwa kodi ili atulinde. Nilichukua mche mrefu zaidi, nikauvisha kanga ya Shangazi, nikaufunga kilemba, nikauketisha kitini. Askari alipopita aliupungia mkono na kuuita "Madam". Siku ya pili alikutana na Shangazi mwenyewe, akamwambia kuwa leo anaonekana amenenepa. Shangazi alifurahi. Mimi nilikaa bafuni mpaka askari alipoondoka.

3. Wageni. Mlichapa jina la mtaa wangu, "Sharpstown", ambalo ni kweli niliandika mwenyewe, lakini kwa imani kwamba mngelifuta. Mama Marguerite, Mkongo wa mtaa wa Gulfton, ambaye mchicha huuita lengalenga, aliuliza mlango kwa mlango mpaka akanipata. "Kaka, lengalenga gani hii inanukia hivi? Unaiwekea nini?" Nikasema ni mbolea. Nikakimbia soko la Wavietnamu, nikanunua mchicha wa kweli, nikaupaka udongo kwenye mizizi, nikamletea. "Ee Mungu, hii ni ya nyumbani kabisa!" Sasa ameniagiza mchicha wa harusi ya mdogo wake, Bisimwa. Nimekuwa mkulima mashuhuri wa mboga ambayo sijawahi kuipanda.

4. Wewe. Nilidanganya, ndiyo, lakini mtu anapodanganya wajibu wa mhariri ni kutomwamini. Mchicha gani duniani huhitaji taa ya wati mia nne, feni na kufuli? Hayo yote niliyaandika! Ungenishuku ipasavyo, mkaa usingewaka, askari asingeuzoea mche, na harusi ya Bisimwa ingekuwa na kabichi kama harusi nyingine. Kwa hiyo kilichoyaunguza majani yangu ni moyo wako mwema.

Naomba basi uniombe radhi katika ukurasa wa mbele, bila kutaja kosa, mkosewa wala mmea. Naomba pia Bi. Flaviana aandike upya juu ya ncha zinazokauka, akizungumzia mchicha lakini akimaanisha ule mwingine, bila yeye mwenyewe kujua.

Nisalimie wote hapo ofisini pamoja na mpiga chapa. Msalimie na Bi. Flaviana. Simlaumu, amedanganywa na mimi, kwa uzembe wako.

Ni mimi mtiifu, mwenye hofu,
Mkulima
(jina limehifadhiwa, na safari hii lihifadhiwe kweli)

Nyongeza: Shangazi amenikuta nikilamba bahasha, akaninyang'anya barua, akavaa miwani na kuisoma yote. Amecheka mpaka nikamletea maji. "Wewe Edson, mimi niliyeshika jembe kabla sijajua kusoma, nisiijue bangi? Mlonge una majani hivyo, baba?" Kisha akaeleza kwamba nesi alimwagiza asukutue vidonda vya mdomo kwa maji ya chumvi, na kwa kuwa sinki liko mbali na kitanda chake, amekuwa akiyatema kwenye ndoo za miche. "Nilidhani nayo ina kiu."

Basi ni chumvi. Majivu hayana kosa, DeSoto haina kosa, nawe huna kosa. Tumeibeba miche bafuni na kuuosha udongo wake kwa maji matupu, Shangazi akisimamia na kuimba. Barua ningeichana, lakini stempu imeshabandikwa, na Shangazi anataka kumwona huyo Bi. Flaviana.

Usinipigie ofisini. Piga nyumbani jioni. Akipokea Shangazi, uliza habari za mchicha, atakuuliza, "Wa kweli au wa Edson?" Sema wa Edson. Au njooni wote wawili Jumapili baada ya misa: ngazi za nyuma, mlango wa juu kabisa, mpige hodi kwa Kiswahili ili nisiruke dirishani. Ila mje mmeshiba. Shangazi siku hizi hasazi.