Kadi Moja, Nchi Nzima

Meneja hakuwa meneja wa kitu chochote. Cheo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kukipinga, kikamkaa. Asubuhi ile alikuwa ameegemea nguzo ya kituo kikuu cha mabasi, akiwatazama watalii waliokodoa macho mbele ya ubao wa ratiba kama wanafunzi waliopewa mtihani wa somo wasilolisoma. Tiketi ya basi ina dirisha lake, ya kivuko ina lake, ya treni lake, na kila dirisha lina foleni.

"Wageni wanateseka," akajisemea kwa huruma. "Kwa nini waliwe mara tatu wakati naweza kuwala mara moja?"

Kabla ya saa nne shemeji yake, mwenye kibanda cha fotokopi nyuma ya kituo, alikuwa amemtolea kadi ishirini za buluu zilizofunikwa plastiki. Ziliandikwa KADI MOJA, NCHI NZIMA kwa lugha nne, na chini yake ulikaa muhuri mzito ulionakiliwa kutoka cheti cha chanjo ya mbwa.

"Shemeji, hizi zitakufikisha pabaya."

"Zitanifikisha popote, shemeji. Soma mwenyewe: nchi nzima."

Mteja wa kwanza alikuwa bibi wa kigeni mwenye kofia pana na Kiswahili kilichopigwa pasi. Aliigeuza kadi, akainusa, akairudisha.

"Mwanangu, mimi naongoza kundi la watu ishirini. Nitazichukua zote. Lakini sinunui mbuzi kwenye gunia. Nataka kuona ikifanya kazi."

Watu ishirini! Meneja akazihesabu kadi upya kwa furaha. "Mama, twende sasa hivi."

Akamtangulia kwenye basi, akamvuta kondakta pembeni na kumtia nauli mkononi, na cha juu. "Yule mama akikuonyesha kadi ya buluu, tikisa kichwa kukubali tu."

Kondakta alikuwa na kipaji kisichotumika. Alipoonyeshwa kadi alisimama wima, akapiga saluti, akamfukuza abiria mmoja kutoka kiti cha dirishani. "Wenye kadi hizi ni wageni wa heshima!" akatangaza. Meneja akatamani kumkaba.

Walishuka bandarini. Hapo mkagua tiketi wa kivuko alitaka nauli ya daraja la kwanza na soda mbili ndipo atikise kichwa. Meneja alilipa akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtu hawezi kuvua samaki bila kulowa, alijifariji, ingawa kufikia hapo maji yalikuwa yamemfika kifuani.

Katikati ya safari bibi akamgeukia. "Nimeridhika. Kumbe wenzangu wengi wako humu humu, ghorofa ya juu. Nipe kadi nikawagawie. Mhasibu wetu anasubiri ng'ambo, atakulipa zote kwa pamoja."

Meneja akamkabidhi kadi zote kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea badala ya kutoa. Kutoka chini alimwona bibi akipita kwa watalii mmoja mmoja, akionyesha kadi, kisha akimnyooshea yeye kidole. Watalii wakamtazama, wakamtikisia kichwa. Meneja akawapungia mkono. Watu wastaarabu sana, aliwaza.

Kivuko kilipofika, bibi alionekana ana haraka. "Mhasibu yuko hotelini, mtu mzito wa kutembea. Ngoja nimlete. Wewe wapeleke wenzangu stesheni, tutakukuta."

Meneja mwenyewe ndiye aliyemwitia teksi. Mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Na bibi alipopapasa mkoba na kusema hana pesa ndogo, mwenyewe ndiye aliyemlipa dereva.

Stesheni, saa ya treni ikakaribia. Bibi hakuonekana. Mtalii mmoja mwenye ndevu nyekundu akamshika bega.

"Sisi tunapanda sasa?"

"Tumngoje kiongozi wenu."

"Kiongozi gani? Sisi hatujuani. Yule mama, mkurugenzi wako, ametuuzia kadi. Tumelipa. Amesema wewe mfanyakazi wake, unatupandisha."

Meneja akarudi hatua moja nyuma. Aligeuka taratibu kutafuta upande wenye njia, akakuta upande huo una askari wa stesheni, tumbo mbele, ameshika moja ya zile kadi za buluu.

"Hii ni yako?"

"Afande, ni... ni ya mkurugenzi."

"Wageni wananiambia mkurugenzi wako amewasimulia kwamba kondakta mmoja aliipigia saluti." Askari akaisogeza kadi kwenye mwanga. "Basi ama wageni hawa wanapanda treni, ama mimi na wewe tunakwenda ofisini kuulizana kuhusu muhuri huu."

Meneja alikwenda dirishani. Akatoa pesa ya mfukoni, ya soksini, na ile aliyoificha ndani ya kasha la simu. Haikutosha. Akavua saa na kumwekea karani rehani, akanunua tiketi za watu ishirini. Ya ishirini na moja ilikuwa yake, maana wageni waligoma kabisa kuondoka bila yeye. Walikuwa wameona kadi inafanya kazi akiwa karibu.

Treni ikaondoka. Meneja alijibanza kwenye kona ya behewa, mifuko imelala bapa. Mwenye ndevu nyekundu alikuwa akisoma nyuma ya kadi kwa makini, kidole kikifuata maandishi madogo ambayo Meneja aliyaongeza kwa mbwembwe tu. Uso wake ukang'aa.

"Siku saba!" akawaambia wenzake, nao wakashangilia. Kisha akamgeukia Meneja kwa upendo. "Kesho tunaanza saa ngapi?"