Kutekwa kwa Mke Wangu na Kijiji cha Penalvinha

Al Hail, Maskati

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji,
Penalvinha, Bonde la Douro,
Ureno

Mheshimiwa,

Baada ya salamu anazostahiki jirani wa zamani aliyeondoka bila ya kuaga, jina langu ni Marhoon bin Khattab, mstaafu wa serikali, mkaazi wa Al Hail. Mwaka jana, mwisho wa Septemba, mimi na mke wangu Mazoon tulikaa wiki moja kijijini kwenu, katika nyumba ya wageni ya Bi Lurdes na mumewe Bwana Amadeu. Tangu turudi sina raha. Sasa mke wangu ametangaza kwamba msimu huu wa tini anarudi kwenu, peke yake, mwezi mzima, na tiketi ameshakata. Nakuandikia kukuomba, kwa adabu zote, umkatalie.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili. Wazee wenu walikaa katika pwani ya lugha hii karibu miaka mia mbili. Kama hawakujifunza, kosa si langu. Wala msijidai kwamba hamfahamu hata neno moja: meza, leso, bendera, gereza na karata ni vyenu, mlivisahau kwetu siku mlipokuwa mnaondoka mbio.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hamtukumbuki. Mimi nilikuja kwenu nimejitayarisha. Kila nikipita Maskati ya kale naziona zile ngome mbili juu ya majabali, na tangu utotoni nimefundishwa namna tulivyokutoeni humo, kisha tukakufuateni mpaka Mombasa tukakutoeni na huko. Nikasema, yaliyopita si ndwele. Nikaandika hotuba fupi ya msamaha, kurasa mbili, nikaitia mkobani. Katika jumba lenu la makumbusho, ambalo kwa haki ni chumba kimoja chenye mapipa, nilimwomba bibi wa tiketi anioneshe Maskati kwenye ile ramani kubwa ya safari za mabaharia wenu. Akatafuta. Akavaa miwani, akatafuta tena. Akaniuliza kama ni karibu na Brazili. Mheshimiwa, mtu atamsamehe vipi asiyejua kama alipigwa? Hotuba nimerudi nayo kama nilivyokwenda nayo.

2. Kijiji chenyewe. Tuliambiwa ni cha kihistoria. Nimefika nikakuta njia za mawe zinazopanda mlima bila ya sababu ya maana, nyumba zilizobambuka chokaa, na wageni kutoka kila pembe ya dunia wamepiga foleni kupiga picha mlango ulioliwa na mchwa. Mimi nilipoacha mlango wangu wa nyuma ukawa vile, Mazoon alininunia wiki nzima. Kwenu alisimama mbele ya mlango ule akasema, "Uzuri gani huu!"

Halafu mambo ya mvinyo. Mimi sinywi, wala babu yangu hakunywa, na miaka yote hii nilidhani Mola ametuepusha na kitu kitamu mno. Nimekuja kwenu nimeona kwa macho yangu: mtu mzima, kavaa koti zuri, anatiwa mvinyo, anautikisa, anaunusa, anafumba macho, anautia mdomoni, kisha anautema ndooni. Anayefuata naye anatema. Safari ya ndege yote ile, watu wamekuja kutema! Na anayewashikia ndoo anatabasamu. Nilikaa benchi nikatazama asubuhi nzima, na sikuona hata mmoja aliyeona haya.

3. Maji ya zabibu. Hapa ndipo madhara yalipoanza. Jioni ya pili Bi Lurdes alitukaribisha mezani kwake, akatuletea maji ya zabibu zilizokamuliwa siku ile ile, hayajachacha. Niliuliza mara tatu, na mara ya nne kwa ishara. Nikanywa gilasi moja, ikanitosha. Sasa, kwetu mgeni akitosheka haropoki "basi", huo ni ufidhuli. Anakitikisa kikombe kidogo mkononi, mwenyeji anafahamu, anaacha kumimina. Hata mtoto wa Kiomani analijua hilo kabla hajajua kusoma.

Nikatikisa. Bi Lurdes akamimina. Nikanywa, maana kuacha gilasi iliyojaa ni kumtukana mwenye nyumba. Nikatikisa tena, kwa nguvu zaidi ili afahamu. Akafurahi, akamimina. Nilipotikisa kwa mikono miwili alimwita mumewe alete jagi kubwa. Mazoon pale pale alikuwa ameweka kiganja juu ya gilasi yake, akaachwa kwa amani. Hakuniambia. Alikuwa anacheka ndani ya mtandio. Mheshimiwa, tumbo liliniendesha mpaka kesho yake jua likatua, na wenyeji wako wanasimulia mpaka leo kwamba wamempata Mwarabu anayependa zabibu zao.

4. Wizi wenyewe. Siku hiyo nilipokuwa kitandani, mke wangu, badala ya kukaa nami, alijifunga kanga kiunoni akatoka na Bi Lurdes na wanawake wengine kwenda kuchuma tini. Hao hawajui Kiarabu wala Kiswahili, na Kireno cha Mazoon kinaishia kwenye kushukuru. Niliwaona kutoka dirishani. Walirudi jioni, mikono inanata utomvu, na mke wangu yuko katikati yao anacheka, kile kicheko cha kushika mbavu na kutafuta pa kuegemea.

Kicheko hicho nakijua. Tulipohamia nyumba hii ya Al Hail kilikuwamo ndani, majirani walikuwa wakikisikia. Mwanetu Yaqdhan alipooa na binti yetu Shatha alipoolewa kikapungua, kisha sikukisikia tena, nikadhani ni umri. Mimi na yeye tunakula chakula cha jioni tukitazama taarifa ya habari. Taarifa ikisha, mmoja wetu anauliza kama mlango umefungwa. Siku ile pale dirishani niliona wivu, nakwambia wazi. Niliuonea wivu mti wa tini. Kijiji kizima kinaishi kwa mvinyo, na aliyelewa ni mke wangu, ambaye hakuugusa.

5. Padri wenu ni mtu mwema. Hili nalo ni lalamiko. Alitutafutia kibla kwa simu yake, akakipata sawasawa, akatuwekea na zulia. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kugombana naye juu ya mambo makubwa. Nilibaki na hasira yangu siku nzima sijui niipeleke wapi.

6. Bwana Amadeu. Mtu huyu ana umri wangu, ana masharubu, na amefanya kazi jeshini. Na bado, kila baada ya chakula, anafunga aproni ya maua, anaosha vyombo vya nyumba nzima huku anapiga mluzi, mlango wazi, mbele ya wageni. Nilimuuliza kwa ishara kama mkewe mgonjwa. Akanipa kitambaa nikaushe sahani. Mazoon aliliona hilo. Tangu turudi, kila nikiinuka mezani ananitazama mimi, kisha anaitazama sinki. Nimefanya kazi na mawaziri, sijawahi kutazamwa vile.

7. Hali ya sasa nyumbani kwangu. Darini pangu pamejaa sinia za tini zinazoanikwa. Kila Ijumaa mke wangu anapigiana simu ya picha na Bi Lurdes, huyu anapiga kelele kwa Kiswahili, yule kwa Kireno, na wanaelewana. Mimi na mke wangu tuna lugha mbili tunazozijua sote na tunazungumza juu ya bili ya umeme.

Nilijaribu kumzuia kwa historia. Nilimkumbusha kwamba asili yake ni Quriyat, mji ambao mabaharia wenu waliuchoma moto miaka mia tano na zaidi nyuma, na kwamba watu wake ndio wa mwisho katika Oman nzima wanaopaswa kula tini za Ureno. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Baba Yaqdhan, waliochoma washakufa. Lurdes nnamjua mie, hakuwapo."

Nikajaribu njia ya kiofisi. Nilikwenda kwa Maureen, binti wa Kikenya anayefanya kazi katika ofisi ya safari hapa Al Hail, nikamtaka aifute tiketi. Akaniambia, "Mzee, hii tiketi ni ya mama, mimi siwezi kuigusa. Kwani mmekosana?" Nilimjibu kwamba swali hilo halimo katika kazi yake, nikaondoka, lakini njia nzima lilikuwa nami garini.

Mwisho nikamuuliza mwenyewe, kwa upole, kwa nini aende peke yake. Akaniambia: "Nnakwenda kucheka. Wewe ukija utakaa dirishani."

Mheshimiwa, baada ya maneno hayo sikulala vizuri, na ndiyo sababu ya kuchukua kalamu. Nakuomba uchague moja katika haya:

a) Umwandikie mke wangu barua yenye muhuri kwamba mwaka huu miti yenu ya tini imegoma kuzaa.

b) Kama dini yako inakukataza uongo, basi kifungeni kijiji kwa matengenezo. Kwa hali niliyoiona hamtakuwa mmesema uongo.

c) Mkishindwa na hilo, mwamrishe Bi Lurdes amnunie. Awe baridi, amimine chai nusu kikombe, asimkumbatie mlangoni. Na Bwana Amadeu apigwe marufuku kuosha kitu chochote mpaka mke wangu aondoke.

d) Mkikataa yote, nitaona kwamba vita vimeanza upya. Mara ya kwanza mlituvamia kwa merikebu na mizinga, mkakaa zaidi ya miaka mia, na tukakutoeni. Safari hii mmemchukua mtu mmoja tu, kutoka chumba changu mwenyewe, kwa sinia ya tini. Mizinga tulijua kuijibu. Hili la sasa nimewauliza wazee wenzangu msikitini, na hakuna aliyenipa la kufanya. Mmoja alicheka.

Natarajia jibu lako kwa haraka, kwa maandishi, na lisipitie kwa Bi Lurdes.

Nisalimie baraza lako lote la kijiji, msalimie padri, yule bibi wa makumbusho umpe ramani mpya, wasalimie wanaotema mvinyo na wanaowashikia ndoo, na yule mbwa wa kanisani asiyemjali mtu. Bwana Amadeu naye msalimie, kwa sharti kwamba asinijibu kwa mluzi.

Wako katika haki ya kulalamika,

Marhoon bin Khattab
Mstaafu, na mume

Baada ya sahihi: Mjukuu wangu Ghadeer amekubali kuitafsiri barua hii kwa Kireno. Nimempa kipande hiki tu. Hayo ya juu si lazima myasome.

Mazoon atafika kwenu Jumapili. Goti lake la kulia halipendi ngazi, na yeye hatasema, basi mpeni chumba cha chini. Atakwambieni dawa ya presha ameshakunywa. Muulizeni mara ya pili. Safari ndefu inamchosha, akifika atakuwa kimya, msimsemeshe mpaka apate chai ya rangi, sukari kidogo. Asipewe kazi ya juani saa za mchana hata akiomba, na ataomba. Akicheka, muacheni acheke mpaka amalize mwenyewe.

Chumba kiwe cha vitanda viwili. Visa yangu imetoka jana, nitafika siku mbili baada yake, na yeye hajui. Siku niliyokwenda kuiomba nilimwambia nakwenda Rusayl, kwenye viwanda, kutazama vigae.